Heda na Utepe wa Joto kwa Gari la Nyumbani: Kabla Hujatuma Hela, Soma Hapa

Leo tuongee gari. Najua wengi wenu mko kwenye nyumba za watu au saiti, huko Muscat, Doha, Riyadh na kwingine, na hela ya jasho mmeigeuza gari nyumbani. IST ya teksi, Probox ya mizigo, Noah ya abiria. Gari linaendeshwa na mdogo wako au shemeji, wewe unasubiri hesabu ya wiki. Halafu siku moja unapata ujumbe: "Dada, gari imekosa nguvu, inanguruma. Fundi anasema tutoe manifoldi, tuweke heda, tuifunge na utepe wa joto. Mwambie mtu wa China atuletee, huko ni bei rahisi."

Sisi tulio Guangzhou ndio hao "watu wa China". Maombi ya namna hii tunayapata kila mara, na kila mara jibu letu la kwanza ni swali: gari limepimwa? Kwa sababu heda inaweza kuwa matumizi mazuri ya hela, na inaweza kuwa hela iliyotupwa. Tofauti iko kwenye mambo machache ambayo hata kama hujawahi kushika spana unaweza kuyauliza kwa simu.

Heda ni nini hasa

Petroli ikishaungua ndani ya silinda, moshi unatokea kwenye kichwa cha injini kupitia matundu. Kwenye injini ya silinda nne matundu ni manne. Kinachoyapokea na kuyaunganisha kuwa bomba moja ni manifoldi. Magari mengi hutoka kiwandani na manifoldi ya chuma cha kusubu, nzito na fupi, au ya bati la chuma cha pua lililobanwa na kuchomelewa.

Heda inafanya kazi hiyohiyo kwa mabomba marefu yaliyopindwa, kila silinda na bomba lake, ili moshi wa silinda moja usigongane na wa jirani yake. Zipo zinazounganisha mabomba manne moja kwa moja kuwa moja, na zipo zinazounganisha mawili mawili kwanza ndipo yawe moja. Wachina wa spea wanaiita *bajiao*, yaani ndizi, kwa jinsi mabomba yale yanavyokaa kama kichane cha ndizi. Mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa zaidi. Jina lingine utakalosikia dukani ni *touduan*, kipande cha mwanzo.

Je, inaongeza nguvu? Inaongeza, lakini kwenye injini ndogo ya kawaida ni asilimia chache tu, na unazipata injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Teksi inayosimama na kuondoka kwenye foleni ya Buguruni au ya Jogoo Road haifiki huko mara nyingi. Kwa hiyo mtu akikuambia heda itapunguza matumizi ya mafuta mpaka ijilipe yenyewe, mwulize maswali zaidi.

Kwanza pima, gharama yake ni sifuri

Gari linalonguruma na kukosa nguvu mara nyingi halihitaji heda. Linavuja. Gasketi kati ya manifoldi na kichwa cha injini imekufa, au stadi moja imekatika, au manifoldi imepasuka. Mwambie ndugu yako afanye hivi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa:

- Afungue boneti, awashe, asikilize. Mlio wa "tk-tk-tk" unaofuata mwendo wa injini, unaopungua injini ikipata moto, ni dalili ya kuvuja karibu na kichwa.
- Anyunyize maji ya sabuni kwenye maungio dakika ya kwanza kabla chuma hakijapata moto. Penye mapovu ndipo panapovuja.
- Atazame alama nyeusi za masizi pembeni ya gasketi.
- Akupigie picha za hapo, siyo picha ya gari zima linang'aa.

Kama ni gasketi, dawa ni gasketi na nati mpya. Kama manifoldi imepasuka, hapo ndipo hesabu ya heda inaanza: manifoldi nyingine ya aina ileile, au heda mpya?

Na tusichelewe kwenye hili. Moshi unaovuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya gari kupitia tundu la feni. Ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoleta maumivu ya kichwa, usingizi, halafu kifo. Gari la abiria likivuja, lisimame mpaka litengenezwe.

Ukinunua Guangzhou, angalia mambo manne

Spea za magari zinapatikana maeneo mengi ya mji huu. Mtaa wa Yongfu, wilaya ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei tunakokutana Waafrika wengi, umejulikana miaka mingi kwa maduka ya vifaa vya magari. Lakini ukifika bila maandalizi utauziwa kilichopo, siyo unachohitaji.

*La kwanza, usukani.* China magari yana usukani kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda tuna usukani kulia, na hata Bujumbura na Bukavu, wanakoendesha upande wa kulia, magari ya usukani wa kulia yapo. Injini kama 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi, ekzosi yake iko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mti wa usukani unapita jirani na hapo. Heda iliyopindwa kwa ajili ya usukani wa kushoto inaweza kugonga mti huo au kukaa karibu nao mno. Mwambie muuzaji neno *youduo*, usukani kulia. Kinyume chake ni *zuoduo*. Neno hilo moja linaweza kukuokolea mzigo mzima. Mpe pia namba ya injini na ya chasisi, na picha ya gasketi ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula.

*La pili, chuma.* Heda za bei ya chini ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Nzuri ni chuma cha pua, *buxiugang*. Hapo napo kuna ujanja: daraja la 304 lina nikeli ya kutosha na linastahimili kutu, daraja la 201 ni rahisi na linashika kutu mapema, na kwa macho yanafanana. Sumaku haitakusaidia maana yote mawili kwa kawaida hayashiki. Kuna kichupa cha dawa ya kupimia kinachotumika na betri ndogo: tone likigeuka jekundu, hiyo ni 201. Guangzhou na Foshan, mji jirani wenye masoko makubwa ya chuma cha pua, dawa hiyo si siri. Muuzaji anayekataa kupima mbele yako ameshakujibu.

*La tatu, malipo.* Kama heda haipo dukani inaagizwa kiwandani, utaombwa *dingjin*. Kuna *dingjin* mbili, zinatamkwa sawa, zinaandikwa tofauti. 定金 ni dhamana: ukighairi wewe, imekwenda, na akishindwa yeye, kisheria anakurudishia mara mbili. Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inasema dhamana hiyo isizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. 订金 ni malipo ya awali tu, ambayo kwa kawaida hurudishwa biashara isipofanyika. Kabla ya kubonyeza WeChat, tazama herufi ya kwanza kwenye risiti. Na kwenye risiti hiyo yaandikwe aina ya gari, injini, *youduo* na 304.

*La nne, boksi.* Hapa ndipo wengi wanalia. Heda ni nyepesi lakini imejaa hewa. Kwa ndege, wasafirishaji wengi hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ukubwa, wanatoza ulio mkubwa. Uzito wa ukubwa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, na wengine hugawanya kwa 5,000. Tuseme boksi ni 80 × 45 × 25. Hiyo ni 90,000, gawanya kwa 6,000 unapata kilo 15. Mizani inasema kilo 6, wewe unalipa 15. Kwa meli boksi hilohilo ni mita za ujazo 0.09, bei inashuka sana, ila unasubiri. Heda ya vipande viwili vinavyofunguka hupunguza boksi. Uliza pia kama bei ya msafirishaji ina ushuru na kodi ndani, ili ndugu yako asikute deni jingine bandarini.

Sasa fanya hesabu kamili kabla ya kusema ndiyo: bei ya heda + usafiri + gasketi na nati + fundi + siku gari likiwa juu ya mawe. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Kama gari linaleta shilingi 25,000 kwa siku, siku nne za kusimama ni 100,000. Weka jumla hiyo kando ya bei ya manifoldi iliyotumika kutoka Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka. Mara nyingi, kwa gari la kazi, manifoldi nzima iliyotumika inashinda. Heda inashinda pale ya asili haipatikani, au zote zilizopo sokoni zimeshapasuka palepale.

Utepe wa joto: dawa na sumu

Moshi ukitoka kwenye injini iliyobeba mzigo unaweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi. Mabomba membamba ya heda yanarusha joto hilo kwenye nyaya, mipira na mabomba ya breki. Utepe, *geredai* kwa Kichina, unazungushwa kwenye bomba mpaka linaonekana kama mguu uliofungwa bandeji. Joto linabaki ndani, chini ya boneti panapoa, na moshi unatoka haraka zaidi.

Tepe za nyuzi za kioo ni rahisi, zinafaa joto la kadiri ya nyuzi 500 hivi kwa muda mrefu. Za nyuzi za mwamba wa volkano, zenye rangi ya dhahabu au shaba na ambazo madukani huitwa "titanium", zinastahimili zaidi. Kwa mabomba yaliyo karibu na kichwa cha injini chukua hizi za pili.

Lakini sikiliza upande wa pili. Joto lililofungiwa linakichosha chuma cha bomba. Utepe ukilowa, unakaa na maji, na mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja anajua maji yenye chumvi yanafanya nini kwa chuma. Heda ya chuma cha kawaida iliyofungwa utepe huliwa na kutu bila wewe kuona, na watengenezaji wengi hufuta dhamana ukishaifunga. Na kubwa kuliko yote: oili. Kama gasketi ya kifuniko cha juu ya injini inavuja na oili inadondokea kwenye utepe, umetengeneza utambi wa taa ndani ya gari lako. Unangoja moto tu.

Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi. Chuma cha pua, funga ukipenda. Chuma cha kawaida, usifunge. Rudisha bati la kukinga joto la kiwandani. Injini inavuja oili, tengeneza hilo kwanza.

Urefu wa kununua unahesabika. Bomba la milimita 42 lina mzunguko wa milimita 132. Utepe wa upana wa milimita 50, ukipandiana milimita 10, unasogea 40 kila mzunguko. Kila mita moja ya bomba inakula mita 3.3 za utepe. Mabomba manne ya nusu mita ni mita 2, yaani kama mita 6.6. Kona zinaongeza kidogo. Roli ya mita 10 inatosha. Ukiambiwa tuma roli tatu, kuna gari la mtu mwingine linafungwa kwa hela yako.

Kazi yenyewe, nyumbani

Mtumie ndugu yako sehemu hii. Akiwa na uzoefu wa spana anaiweza uani kwa siku moja. Kama hana, aifuate akimsimamia fundi.

1. Siku moja kabla, apulizie nati zote dawa ya kulegeza kutu. Apulizie tena jioni.
2. Injini ipoe kabisa. Atoe waya hasi wa betri. Gari liwe pahali tambarare, magurudumu yazuiwe, liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake asiingie mtu, hata kwa dakika moja.
3. Atoe bati la joto, achomoe soketi ya sensa ya oksijeni kisha sensa yenyewe. Nyingi zina kichwa cha milimita 22. Asiivute kwa waya.
4. Aanze kufungua chini, pale manifoldi inapoungana na bomba linalokwenda nyuma, halafu vishikizo, mwisho nati za kwenye kichwa. Nati ikigoma, aipeleke mbele na nyuma kidogo kidogo. Stadi ikikatikia kwenye kichwa cha injini, gharama ya kuitoa inaweza kuzidi bei ya heda.
5. Azibe matundu kwa kitambaa safi, akwangue mabaki ya gasketi kwa kitu kisicho kigumu kama patasi. Kichwa ni aluminiamu, kinachubuka. Aweke rula ya chuma kwenye uso wa heda mpya aone kama umenyooka.
6. Aijaribishe heda kabla ya kuifunga utepe. Aishike kwa nati chache, azungushe usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Haigusi mti wa usukani? Haigusi waya wala bomba la breki? Kumbuka utepe utaongeza unene. Kama inagusa, isimame hapo, ipigwe picha, muuzaji atumiwe. Heda isiyofungwa utepe bado inaweza kurudishwa.
7. Ndipo aitoe, aifute mafuta, aifunge. Glavu, mikono mirefu, miwani na barakoa: nyuzi zile zinawasha na si za kuvuta kifuani. Utepe wa nyuzi za kioo uloweshwe kidogo, unalainika na hautimui vumbi. Aanze karibu na kichwa akiacha nafasi ya spana kuzifikia nati, avute kwa nguvu, apandishe sawasawa, afunge miisho kwa vifungo vya chuma cha pua. Kipande kinachopita chini ya gari, mpando utazame nyuma ili maji ya barabarani yasiingie. Tundu la sensa libaki wazi. Asifunge tabaka mbili.
8. Gasketi mpya, kamwe si ya zamani. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: nati za tairi kwenye Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103, hizi ni chini ya hapo kwa mbali.
9. Awashe nje, siyo ndani ya gereji iliyofungwa. Utepe mpya utatoa moshi na harufu kama nusu saa. Ni kawaida. Kizima moto kiwe karibu. Moshi ukiendelea siku ya pili, atafute oili.
10. Injini ikishapata moto na kupoa tena, arudie kukaza nati. Asiruke hatua hii.

Masega yako yako wapi?

Neno la mwisho, na pengine ndilo la hela nyingi kuliko yote. Ndani ya ekzosi kuna kisafisha moshi ambacho mafundi wetu wanakiita masega. Kina platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo, madini ghali, na yana wanunuzi. Kwenye magari mengi masega yako jirani kabisa na manifoldi, na heda nyingine hukatiza palepale yalipo. Fundi anayekusukuma sana ununue heda, tena akasema "ya zamani niachie tu nikutupie", huenda hesabu yake iko kwenye masega.

Basi agiza hivi: masega yabaki kwenye gari kama heda inaruhusu. Kama haiwezekani, tafuta heda nyingine, maana bila masega taa ya injini itawaka na moshi mchafu utabaki mtaani kwenu. Na chuma chochote kilichotolewa kirudi nyumbani kwako, kipigwe picha kikiwa mkononi mwa ndugu yako.

Kuhusu kulipa, usitume yote kwa mara moja. Tuma hela ya gasketi na nati kwanza, upate picha ya risiti. Tuma ya fundi nusu gari likiwa juu ya stendi. Nusu ya mwisho itoke ukishasikia, kwa sauti ya kurekodiwa kwenye simu, injini baridi ikiwaka bila ile "tk-tk-tk". Ndugu mwema hatachukia utaratibu huo. Unamlinda hata yeye, maana abiria wa kwanza wa gari hilo, kila siku, ni dereva.